Sura ya Nne: Nimepotelewa

Mwaka 1983 betri mpya ilikuwa kitu cha kumwonyesha mgeni. Sisi tuliziita mawe. Mawe yaliyokwisha hayakutupwa. Yalianikwa juani juu ya ungo, yakageuzwageuzwa kama dagaa, yakang'atwa kwa magego, kisha yakarudishwa kwenye redio ili yatufikishe walau mwisho wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Baba alikuwa na hesabu yake ya kuyapanga, lipi likae mbele na lipi nyuma, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuivuruga.

Baba alikuwa mpishi. Alimpikia muuguzi wa kujitolea kutoka Uingereza, katika hospitali moja ya huku kwetu kusini ambayo sitaitaja, maana walioko pale leo hawahusiki na mambo ya marehemu baba yangu. Muuguzi huyo tulimwita Sista. Alikuwa mtu wa sala, hakosi misa ya asubuhi, na alikuja kwa miaka miwili akiwa ameacha kazi ya mshahara kwao. Nyumba yake ilikuwa na kila dalili ya ufukara wa hiari: kitanda cha kamba, meza moja, msalaba ukutani. Chini ya kitanda, katoni. Kila baada ya miezi kadhaa parokia yake ilimtumia katoni ya sabuni, majani ya chai, vitabu na betri za tochi.

Tochi ilikuwa kazi yake hasa. Jenereta ilizimwa saa nne usiku, na mlinzi akija kugonga baada ya hapo kwamba kuna mzazi amezidiwa, njia yote hadi wodini ilikuwa ya tochi, katikati ya majani ambayo mvua zikianza huwa na nyoka. Betri zake hazikudumu. Anaweka mpya Jumatatu, Ijumaa mwanga umekuwa wa njano kama wa kibatari. Kwanza alilaumu unyevu, kisha akalaumu kiwanda. Mwisho akachukua kijiti chenye pamba, akachovya kwenye GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, akatia nukta kwenye kitako cha kila betri.

Umeshaelewa kisa kinakokwenda. Bibi yetu mzaa baba alifariki, tangazo likapelekwa Redio Tanzania ili ndugu walioko mbali wasikie, na Sista akaja kutoa mkono wa pole. Alikaa mkekani pamoja na akina mama, miguu ameikunja kwa taabu. Saa ya matangazo ya vifo ilipokaribia, baba mdogo akaniagiza niwashe redio. Ikakoroma, ikakata. Nikaifungua mgongoni mbele ya watu wote, nikayamwaga mawe mapajani ili niyapange upya kwa hesabu ya baba. Yalikuwa manne. Mawili yalikuwa na nukta ya zambarau.

Nilikuwa na miaka tisa, na sikujua maana ya nukta. Ila nilimwona Sista akiziangalia, kisha akiniangalia mimi, kisha akiomba maji ya kunywa. Baba alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Sijui kama siku zote zile hakuziona nukta au aliziona akadhani ni za kiwandani. Redio ikawaka, jina la bibi likasomwa, wanawake wakaangua kilio upya.

Kwa sheria baba alikuwa amekwisha. Kanuni ya Adhabu haimtazami mtumishi anayemwibia mwajiri wake kama mwizi wa kawaida. Ina kifungu chake, cha 271, na adhabu yake ni nzito kuliko ya wizi wa jumla. Watu wa rika la baba walikuwa bado wanaikumbuka sheria ya mwaka 1963 ya kima cha chini cha adhabu, yenye viboko 24, nusu akiingia gerezani na nusu akitoka. Mwalimu Nyerere aliikumbushia katika hotuba yake ya Mei Mosi ya 1995 mjini Mbeya, akawachekesha watu kwamba vile vya kutokea ni vya kwenda kumwonyesha mkewe. Sheria hiyo ilikwisha kubadilishwa mwaka 1972, lakini kijijini watu hawasomi gazeti la serikali.

Halafu mwaka wenyewe haukuwa mwaka wa kukutwa na kitu. Vita vya Kagera vilikuwa vimetuachia hazina tupu na maduka matupu. Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa ameanzisha msako wa wahujumu uchumi, na watu wakawa wanatupa vichakani sabuni, vitenge na hata sukari kwa kuogopa kukutwa navyo. Katika mwaka kama huo, mtu mwenye betri dazeni mbili za kigeni chini ya kitanda alikuwa na maswali mengi ya kujibu kuliko mwenye mbili ndani ya redio. Hakuna aliyemwuliza Sista. Baba aliliona hilo, nasi tuliliona.

Hata hivyo sitaki kumsafisha baba kwa kosa la mwingine. Kuna usiku Sista alifika wodi ya wazazi kwa kupapasa ukuta, kwa sababu mwanga wake ulikuwa sebuleni kwetu ukitusomea taarifa ya habari. Hilo nalo baba alilijua. Siku moja mama alipomgusia, alijibu kwamba yeye haibi, anabadili: anaacha mawili, anachukua mawili. Mama akasema basi abadili na mshahara.

Wageni wengi wanaokuja kujitolea huku hufikiri wizi umeanza siku walipofungua mizigo yao. Lakini mji wa Masasi, huku huku kusini, ulianzishwa na watu walioibwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA), ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa vitabu vyake vya sarufi na hadithi, alitoka Lindi kwa miguu na kundi la watu waliokombolewa utumwani na kutunzwa na misheni Zanzibar. Nia ilikuwa kuwarudisha kwao, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika kwenye milima ya mawe, Mkomaindo na Mtandi na wenzake, wakaona ardhi inafaa, wakakaa. Miaka sita baadaye, 1882, Wamagwangwara, yaani Wangoni, wakawavamia, wakaua, wakateka. Watu waliokwisha kuibwa mara moja wakaibwa mara ya pili. Sehemu ya misheni ikahamia Newala, juu ya uwanda. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, kituo cha Masasi kikachomwa moto na wamisionari wakakimbilia pwani. Bibi yangu, yule aliyefariki siku ya mawe, alipotutisha tusitembee jioni hakututisha kwa mwizi wa kuku. Alitutisha kwa mwizi wa watoto.

Wamisionari wa UMCA, kwa upande wao, waliona fahari kuwa maskini. Hawakuoa wala kuolewa wakiwa kazini, na hawakuwa na mshahara bali posho ndogo iliyokuwa sawa kwa askofu na kwa muuguzi. Dokta Leader Stirling alikuja Masasi mwaka 1935 kwa utaratibu huo, akajenga hospitali Lulindi kwa miti, udongo na nyasi. Baadaye alihamia Kanisa Katoliki, akawa raia wetu, na kuanzia 1975 akawa Waziri wa Afya. (Wakatoliki wa Ndanda huhesabu amri ya kutokuiba kuwa ya saba, na Waanglikana wa Masasi huihesabu ya nane. Kwa hiyo daktari yule alipobadili kanisa, amri ilibadilika namba, dhambi ikabaki palepale.) UMCA iliungana na misheni nyingine mwaka 1965, na vijana wa miaka miwili miwili wakaanza kuchukua nafasi ya watu waliokuja kuzikwa huku. VSO ya Uingereza ilikuwa imeanzishwa mwaka 1958. Peace Corps ya Marekani ilifika Tanganyika mwaka 1961. Wapya hawa nao walijihesabu maskini, na kwa viwango vya kwao walikuwa maskini kweli. Lakini jirani hahesabu mshahara wa mtu asiouona. Anahesabu kufuli.

Siku tatu baada ya mazishi, Sista alimwendea mkunga mkuu wa wodi yake, mama wa Kimakua aliyekuwa amezalisha nusu ya wilaya na alikuwa akitembea kama anayelijua hilo. Haya niliyapata kwa mkunga mwenyewe, miaka mingi baadaye, akiwa kipofu na mimi nimeota mvi. Sista alitaka kujua namna ya adabu ya kumwambia mtu mzima kwamba amekuibia.

"Neno hilo halina adabu," mkunga akamwambia. "Ukilisema lazima liende mahali. Litakwenda kwa balozi wa nyumba kumi, litakwenda kwa Padri, litakwenda polisi. Likishakwenda huwezi kuliita lirudi. Wewe sema umepotelewa."

"Lakini sijapotelewa. Ninajua ziliko."

"Ndiyo. Na yeye anajua unajua. Sasa unataka betri, au unataka mtu?"

Kesho yake asubuhi, baba akikoroga uji, Sista alisimama mlango wa jikoni akamwambia, "Mzee, nimepotelewa na betri mbili."

"Pole, Sista. Tutazitafuta."

Zikaonekana siku ya pili nyuma ya chujio la maji, zimepanguswa vumbi, nukta zipo. Baba akasema ni panya. Sista akasema ni kweli, panya wa nyumba hii wana nguvu.

Msomaji wa mjini ataniambia huu ni unafiki, na kwamba mtu mzima anapaswa kuitwa, kuonywa na kuandikiwa barua. Nimekaa na hoja hiyo muda mrefu, maana nami niliajiri watu baadaye na niliibiwa. Ninachoweza kusema ni hiki: lugha yetu imetupa vitenzi viwili kwa sababu. Nimeibiwa ina mtu ndani yake hata kama hujamtaja. Ukiitamka, kila anayekusikia anaanza kumtafuta mtu huyo. Nimepotelewa haina mtu, ina kitu tu, na kitu kinaweza kuokotwa. Aliyekichukua anapewa usiku mmoja wa kukiokota yeye mwenyewe. Asipokiokota, kile kitenzi kingine bado kipo, hakijachakaa.

Mwezi uliofuata baba aliomba. Nadhani kuomba kulimgharimu kuliko kuchukua, kwa sababu aliporudi nyumbani na betri mbili halali hakutaka kula. Sista alimpa, na zilizobaki akazifungia. Sisemi waliishi kama ndugu. Kufuli lilibaki, funguo zikabaki kiunoni mwa Sista zikimtangulia kwa mlio kila alikokwenda, na baba aliendelea kusema chai ya Waingereza haina ladha. Lakini tochi iliwaka mpaka siku alipoondoka.

Si kila mgeni hupata mkunga wa kumshauri. Juu Newala, ambako ukisimama ukingoni pa uwanda unaona bonde la Ruvuma hadi Msumbiji, shida ya zamani ni maji. Mchanga wa uwanda huyanywa yote, na kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950 wanawake walikuwa wakishuka mtelemko na kuupanda tena na ndoo kichwani. Na hata baada ya mradi, pampu zikifa, wameendelea kushuka. Mwalimu mmoja wa kujitolea, kijana mchangamfu mwenye gitaa, alipangishwa nyumba yenye tangi la maji ya mvua. Aliona tangi linapungua usiku. Hakumwambia mtu. Alinunua kufuli zuri, akalifunga kwenye bomba. Asubuhi maji yalikuwepo yote, kufuli halikuwepo. Akanunua la pili, nalo likaenda. Mwenye nyumba, mzee wa Kimakonde mwenye chale usoni, alikuja akamweleza kwamba kabla yake mpangaji wa zamani alikuwa akimpa jirani ndoo mbili kila jioni, na jirani ndiye aliyekuwa akilinda tangi lisichotwe na wengine. "Ulimfukuza mlinzi," akamwambia, "halafu ukashangaa wezi." Kijana akarudisha ndoo mbili. Kufuli hazikurudi, na hakuziulizia.

Sasa nisije nikaeleweka kwamba kila upotevu upewe jina laini. Tatizo letu ni kwamba majina laini tunayo tele, ila tunayagawa vibaya. Angalia korosho, ambazo ndizo fedha ya Masasi, Newala na Tandahimba. Kangomba ni kopo linalopima zaidi ya kilo na kulipwa kama kilo. Mlanguzi huja njaa inapobana kabla ya msimu, humwachia mkulima fedha kidogo, kisha huchukua korosho kwa kopo lake. Mwaka 2018 serikali ilileta jeshi, ikanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wenye kangomba wakasakwa. Lakini hata wakati huo waliitwa watu wa kangomba. Sikusikia mtu akiwaita wezi. Au chukua unyaufu: korosho ghalani hukauka na kupungua uzito, hilo ni kweli, ila kuna misimu ambayo hukauka kupita kiasi cha jua lolote, na mkulima hukatwa huku akiambiwa ni unyaufu. Dawa za hospitali nazo zina unyaufu wake. Ndiyo maana Bohari ya Dawa siku hizi huzitia dawa za serikali herufi GOT, ili zikionekana kwenye duka la mtu zijulikane zilikotoka. Nilipoziona herufi hizo mara ya kwanza kwenye kidonge nilicheka peke yangu, nikamkumbuka Sista na kijiti chake cha pamba.

Anayebeba gunia la dawa tunamwita mjanja wa mjini. Anayebeba kuku tunamwita mwizi, na kwa neno hilo huweza kufa.

Hapo ndipo mgeni anapokuwa hatari bila kujua. Miaka michache iliyopita nilikuwa stendi ya Masasi nikisubiri basi. Kijana mzungu, mmoja wa hawa wanaokuja kwa miezi mitatu na fulana za kanisa lao, alichomolewa simu mfukoni. Akafanya ambavyo mtu yeyote angefanya: akapiga kelele. Alikuwa na maneno machache ya Kiswahili, asante, pole, maji, na hili moja. "Mwizi!" Alilisema kwa sauti safi kabisa, kama alivyofundishwa.

Kwa hesabu ya pumzi kumi stendi yote ilikuwa imegeuka. Mwenye mkokoteni aliacha mkokoteni, wauza maji waliacha ndoo, na mtu ambaye sijui alitokea wapi alikuwa tayari ameshika tofali. Mtoto mwenyewe, maana alikuwa mtoto, miaka 14 au 15, alikimbia akajigonga kwenye meza ya mama ntilie. Mama yule alimvuta chini ya meza, akasimama mbele yake na mwiko wa ugali unaofuka moshi, akatangaza, "Huyu mwanangu. Nani anamtaka mwanangu?" Hakuwa mwanawe. Kila mtu pale alijua hakuwa mwanawe. Lakini kulikuwa na kitu cha kubishania sasa, na watu wakiwa wanabishana hawapigi. Simu ikatoka chini ya meza, ikapita mikono minne, ikafika kwa mwenyewe.

Yule mzungu alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, mweupe kuliko alivyokuja. Aliniuliza kwa Kiingereza wangemfanya nini. Nikamwambia. Akasema alitaka tu simu yake, ina picha za mama yake. Nilimwamini. Nilimwamini pia baba yangu, ambaye alitaka tu taarifa ya habari.

Wageni hawa hupitia kwa mtu kabla ya kufika kwetu. Hupitia kwa mwalimu wa Kiswahili, kwa wiki mbili au tatu, Morogoro au Dar es Salaam au kwenye sebule ya padri, na huyo mwalimu mara nyingi ni mmoja wetu. Najua orodha zinazotumika, maana nimezifundisha: salamu, namba, soko, msaada, mwizi. Kwenye mstari ule wa mwisho mwanafunzi hufurahi, kwa kuwa neno ni fupi na rahisi kutamka. Ndugu mwalimu, lifute. Weka mahali pake kupotelewa, wafundishe kulinyambua mpaka walizoee, nimepotelewa, tumepotelewa, na uwafundishe kulisema kwa sauti ya chini, kwa jirani kwanza. Lile jingine watalisikia wenyewe stendi.